Mwongozo Kamili wa Kukarabati Nyumba Chakavu kwa Fedha Kidogo: Anza na Maji, Malizia na Rangi

Wasomaji wanaoandika kuomba ushauri baada ya ukarabati kuharibika huja na malalamiko yanayofanana: lipu mpya imevimba, rangi imebabuka kwa chini, vigae vinatoa mlio wa utupu, na fedha imekwisha. Ukiwauliza walianzia wapi, wengi watakujibu kwamba walianzia sebuleni. Fundi wa rangi au wa vigae hulaumiwa bure katika mambo haya, kwa sababu tatizo huwa ni mpangilio wa kazi. Nyumba kuukuu huharibiwa zaidi na maji kuliko na umri, na kazi yoyote ya urembo inayofanywa kabla ya maji kudhibitiwa italazimika kurudiwa.

Mwongozo huu unahusu nyumba ya chini, isiyo ya ghorofa, yenye kuta za matofali, mawe au udongo. Hatua zimepangwa kwa makusudi. Usiziruke hata kama hatua ya mbele inaonekana rahisi au inapendeza zaidi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa ukaguzi: daftari, penseli, futi ya kupimia, tochi, bisibisi, nyundo ndogo, timazi, pimamaji, karatasi ya nailoni angavu na utepe wa kugundisha.

Kwa kazi yenyewe: mwiko, kamba, ndoo mbili za ujazo mmoja za kupimia mchanganyiko, koleo, patasi, brashi ya waya, msasa, ngazi imara na turubai.

Kwa usalama: glavu, miwani ya kazi, viatu vigumu, na barakoa inayozuia vumbi laini. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la saruji.

Vifaa vya ujenzi kama saruji, chokaa, mbao na mabati usivinunue bado. Saruji iliyokaa mahali penye unyevu huganda mabonge na kupoteza nguvu, na mbao zilizolundikwa vibaya hupinda.

## Hatua ya 1: Kagua nyumba yote na kuandika

Tenga muda wa kutosha kwa hatua hii, kwa kuwa haigharimu chochote na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Chora ramani ya nyumba kwa mkono, chumba kwa chumba, kisha andika kila kasoro mahali pake.

Anzia juu. Ingia darini mchana, zima tochi, na utazame paa: kila nukta ya mwanga ni tundu. Tazama pia madoa ya maji kwenye mbao. Ikiwezekana, rudi humo mvua ikinyesha, kwa sababu maji huingia mahali pamoja, yakatambaa juu ya boriti, kisha yakadondoka mahali pengine kabisa. Doa la dari halioneshi lilipo tundu.

Shuka kwenye mbao. Choma bisibisi kwenye ncha za boriti, chini ya fremu za milango na kwenye vizingiti. Mbao nzima hukataa. Iliyooza huiachia bisibisi izame bila nguvu. Ukiona vijia vya udongo vya mchwa, bomoa kipande kidogo kisha urudi baada ya siku chache. Kama kimejengwa upya, mchwa wako kazini.

Sasa kuta. Gonga lipu kwa mpini wa nyundo na uweke alama ya chaki kila panapotoa mlio wa utupu. Kwa ukuta wenye unyevu, gundisha kipande cha nailoni chenye upana na urefu wa sentimita 50, ukizibe pande zote nne, kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakijitokeza nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakijitokeza mbele, upande wa chumba, ni mvuke wa ndani unaogeuka maji kwenye ukuta baridi, na tiba yake ni kupitisha hewa, si kuvunja lipu.

Nyufa ziandikwe kwa upana, mwelekeo na tarehe. Weka mstari wa penseli kwenye ncha mbili za kila ufa na uandike tarehe kando yake. Ufa uliotulia kwa miezi unatibika kwa bei ndogo, lakini ufa unaorefuka unakuambia kwamba msingi au ardhi bado inasogea.

Mwisho, pima uvujaji wa mabomba. Funga koki zote, soma mita, subiri saa mbili bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja, pengine chini ya sakafu au ndani ya ukuta.

Tahadhari. Paa la zamani lenye mawimbi linalofanana na saruji ya kijivu, na baadhi ya bodi za dari za zamani, huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Usikate, usitoboe, usisugue wala usivunje. Mwite mtaalamu mwenye kibali. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa mkavu, na watoto na wajawazito wasiwepo wakati inapoondolewa.

Ukaguzi umekamilika pale unapoweza kusema, kwa kila doa na kila ufa, maji au mwendo unaousababisha unatoka wapi.

## Hatua ya 2: Gawanya fedha kabla ya kuitumia

Chukua daftari lako na utie kila kasoro katika fungu moja kati ya matatu. La kwanza ni yale yanayoiangusha nyumba au kumdhuru mtu: paa, msingi, umeme, maji taka. La pili ni yale yanayoifanya ikalike: lipu, sakafu, milango. La tatu ni urembo.

Kabla ya kugawa chochote, toa asilimia 15 hadi 20 ya fedha yote na uifungie kando kwa ajili ya dharura. Nyumba kuukuu haikosi siri chini ya lipu, na wanaokwama katikati ya kazi mara nyingi ni wale waliopangia matumizi hadi senti ya mwisho.

Kuna mahali pa kubana na mahali pasipobanwa. Bana matumizi kwenye kazi za nguvu zisizohitaji ujuzi mkubwa: kubomoa lipu mbovu, kubeba vifusi, kusugua, kumwagilia zege, kupaka rangi. Bana pia kwa kutumia tena ulivyo navyo. Milango ya mbao ngumu ya zamani mara nyingi ni bora kuliko mipya ya bei nafuu, na matofali yaliyojengwa kwa chokaa husafishika kirahisi. Usibane kamwe kwenye nyaya za umeme, mabomba yanayofukiwa ukutani, na misumari ya paa. Vitu hivi ni sehemu ndogo ya gharama, lakini kuvirudia maana yake ni kuvunja kazi nyingine zote zilizovifunika.

Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, kwa makubaliano yaliyoandikwa hata kama ni ukurasa mmoja. Nunua vifaa mwenyewe pale unapoweza. Hilo si kumshuku fundi. Ni kwamba anayelipia kifaa ndiye anayekumbuka kiasi kilichobaki.

## Hatua ya 3: Ziba paa na kurekebisha mifereji yake

Paa la bati huvuja zaidi kwenye misumari na maungio kuliko katikati ya bati. Msumari uliolegea usiugongelee upya katika tundu lilelile, kwani utalegea tena; ung'oe na uweke skrubu nene zaidi yenye kifuniko cha mpira. Kwa mabati ya mawimbi, misumari hupigwa kwenye mgongo wa wimbi, si kwenye bonde ambako maji hupita.

Matundu madogo safisha kwa brashi ya waya hadi kwenye chuma kikavu, paka lami ya kuzibia, tandika kitambaa cha wavu, kisha paka lami tena juu yake. Bati lililokwisha kuliwa na kutu eneo kubwa libadilishwe. Bati jipya lilalie lile la chini yake kwa angalau milimita 150, na zaidi ya hapo ikiwa paa lina mteremko mdogo. Paa la vigae hubadilishwa kigae kimoja kimoja, na saruji ya kilele hukaguliwa kwa kugongwa.

Unapotembea juu ya bati, kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana ndipo mbao zilipo, na utandike ubao wa kugawa uzito. Usipande bati likiwa limelowa.

Mfereji wa paa uwe na mteremko wa takriban milimita 5 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la kushushia, na vishikizo vyake visiachane zaidi ya mita moja. Ubao unaoubeba ukiwa umeoza, ubadilishe kwanza. Bomba la kushushia limwage maji mbali na ukuta, angalau mita moja na nusu, au kwenye tangi ambalo maji yake ya ziada nayo yana njia ya kutokea.

Jaribu kazi kwa mpira wa maji kabla mvua haijakujaribia. Mwagia sehemu ya chini ya paa kwanza, kisha panda polepole, huku mtu akiwa darini na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Endapo dari inabaki kavu baada ya nusu saa ya kumwagilia, songa mbele.

## Hatua ya 4: Ondoa maji kwenye ardhi inayozunguka nyumba

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, labda kwa sababu matokeo yake hayaonekani kwa mgeni. Kwa miaka mingi udongo, takataka na maua hurundikana kandokando ya ukuta hadi ardhi ya nje ikawa juu ya sakafu ya ndani. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji mchana na usiku.

Chimba na kuondoa udongo huo mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa angalau milimita 150. Kisha tengeneza mteremko unaoondoka ukutani: milimita 50 kwa kila mita, kwa umbali wa mita mbili au zaidi. Usichimbe kufikia chini ya msingi.

Wengi hupenda kumwaga zege kuizunguka nyumba yote. Kwa ukuta wa saruji hakuna neno. Kwa ukuta wa udongo au wa mawe yaliyojengwa kwa chokaa, zege hilo huzuia ardhi kupumua na kuyasukuma maji yapande ukutani; hapo kokoto safi juu ya mteremko mzuri zinafaa zaidi, na ni rahisi.

Baada ya hapo, vua lipu iliyovimba sehemu ya chini ya kuta na uache ukuta ukauke. Kwa makisio ya kawaida, ukuta uliolowa sana huchukua kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Chumvi nyeupe itakayojitokeza ifagie kwa brashi kavu na kuizoa. Ukiiosha kwa maji, inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta.

Ninajua kwamba kusubiri ni kugumu kwa mtu anayelipa kodi kwingine. Lakini muda huu haupotei, kwa kuwa hatua mbili zinazofuata zinaweza kufanyika ukuta ukiwa unakauka.

## Hatua ya 5: Nyufa na mbao

Rejea alama za penseli. Nyufa nyembamba kuliko milimita 1 huachiwa lipu na rangi. Zile zisizozidi milimita 5, na ambazo hazijasogea, panua mdomo wake kwa patasi, safisha vumbi, lowesha, kisha jaza kwa mchanganyiko unaolingana na ukuta. Kabla ya lipu, pigilia wavu wa chuma wenye upana wa milimita 200 kuvuka ufa.

Ufa unaozidi milimita 5, unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, ulio mpana juu kuliko chini, au unaofanya milango ikwame, umwite mhandisi autazame. Ada ya ukaguzi mmoja ni ndogo kulinganisha na ukuta. Wakati mwingine chanzo ni rahisi: bomba lililopasuka chini ya msingi, au mti mkubwa uliopandwa karibu mno.

Mbao zilizooza kata hadi ufikie mbao nzima, kisha unga kipande kipya kilichotibiwa dawa. Kabla ya kukata boriti inayobeba paa, weka nguzo za kuitegemeza. Usiiamini hata kwa dakika moja. Mchwa wanaofanya kazi wahudumiwe na mwenye ujuzi wa dawa, na udongo unaogusana na mbao uondolewe, la sivyo watarudi.

## Hatua ya 6: Mabomba na umeme, kabla ya lipu

Sababu ya mpangilio huu ni dhahiri: kila bomba na kila waya unaopita ukutani hukata lipu.

Bomba la maji taka la kawaida la milimita 100 literemke kama milimita 25 kwa kila mita. Mteremko ukiwa mdogo, uchafu hukwama. Kila sinki na bafu liwe na bomba lililopinda linalobakiza maji ya kuzuia harufu, na pawe na chemba mahali bomba linapopinda. Mabomba ya maji safi yajazwe na kuachwa na presha usiku kucha yakiwa bado wazi; asubuhi pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Tishu ikilowa, kiungo hicho kirudiwe.

Umeme si kazi ya kujifunzia. Nyaya zenye ngozi ya mpira inayomeguka, soketi zinazopata joto, harufu ya kuungua na taa zinazopepesa ni sababu za kubadilisha, si za kuvumilia. Fundi mwenye leseni aweke nyaya za milimita za mraba 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa, waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na kikata umeme kinachoitikia uvujaji wa miliampia 30, kwa sababu hicho ndicho kinachomwokoa mtu aliyeshika waya. Nyaya zipite wima au mlalo tu, kamwe zisikate ukuta mshazari, ili anayepigilia msumari baadaye ajue zilipo.

Kabla ya lipu kufunika chochote, piga picha ya kila ukuta ukiwa umeegemeza futi ya kupimia. Picha hizo zina thamani kuliko ramani yoyote.

## Hatua ya 7: Lipu inayolingana na ukuta

Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wengi. Saruji si dawa ya kila ukuta. Ukuta wa udongo au wa chokaa ni laini na hupitisha mvuke. Ukiuvika lipu ngumu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, lipu huachana na ukuta, na huanguka kwa vipande vikubwa ikiwa imebeba ngozi ya ukuta wenyewe. Ukuta wa aina hiyo upigwe lipu ya chokaa, sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, au udongo uliochanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa.

Kwa matofali ya saruji au ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji, mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 hufanya kazi vizuri na haupasuki kirahisi kama saruji tupu. Pima kwa ndoo iliyojazwa na kusawazishwa. Kukisia kwa koleo ndiko kunakofanya upande mmoja wa chumba uwe mgumu na mwingine uchujuke.

Mchanga wenye udongo huharibu kila kitu. Ujaribu hivi: jaza chupa angavu mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uache saa tatu. Tabaka la tope litakalokaa juu likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe mchanga huo au ununue mwingine.

Lowesha ukuta bila kuumwagia maji yakatiririka. Kila tabaka liwe milimita 10 hadi 15. Shimo refu lijazwe kwa tabaka mbili, siyo mara moja. Mchanganyiko wa saruji utumike ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Ulioanza kuganda usiufufue kwa maji. Mwagilia lipu ya saruji mara kadhaa kwa siku, kwa siku tano hadi saba. Lipu nzuri, ukiigonga baada ya wiki, hutoa mlio mzito uleule kote, na haina utando wa nyufa kama wa buibui.

## Hatua ya 8: Sakafu

Sakafu iliyochimbika tu huzibwa. Inayotitia au kulowa kutoka chini ivunjwe, kwa maana kigae hakizuii maji, huyaficha tu.

Shindilia kifusi cha mawe cha milimita 150, sawazisha kwa mchanga, tandika nailoni nzito ya mikroni 250 ikilaliana kwa milimita 300 na kupandishwa kidogo ukutani. Juu yake mwaga zege la milimita 100, kwa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Lifunike na kulimwagilia kwa siku saba. Ikiwa vigae havimo katika uwezo wako, sakafu ya saruji iliyolainishwa kwa mwiko inadumu miaka mingi na haina aibu yoyote.

## Hatua ya 9: Milango na madirisha

Rekebisha kabla ya kununua. Mlango unaokwama mara nyingi una bawaba zilizolegea: jaza matundu ya skrubu kwa vijiti vyenye gundi, kisha skrubu upya. Randa ukingo mwishoni, hali ya hewa ikiwa kavu, ukikumbuka kwamba mbao hupungua. Mlango mzuri hukaa popote unapouachia, haujifungi wala haujifungui.

## Hatua ya 10: Rangi

Lipu mpya ya saruji iachwe takriban wiki nne. Rudia jaribio la nailoni. Kukiwa na matone nyuma yake, subiri. Ukungu uuliwe kwa dawa yake kwanza, na dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala kisafishio kingine, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Piga hesabu kabla ya kununua. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa takriban mita za mraba 38. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 34. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, hivyo mikono miwili huhitaji lita 7.

Anza na dari, fuata kuta, kisha mbao. Paka praima kwanza, yaani rangi ya awali ya kuuandaa ukuta. Lipu isiyo na praima hunywa rangi ya bei kubwa. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Kwa kuta za chokaa au udongo tumia chokaa iliyoyeyushwa iwe nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kwa kuwa huruhusu ukuta kupumua na ni rahisi kuliko rangi zote.

Rangi iliyobaki ifunge vizuri, andika kwenye kopo jina la chumba na namba ya rangi, na uihifadhi pasipo jua. Kabla ya kila msimu wa mvua zibua mifereji ya paa, badilisha misumari iliyolegea kwa skrubu, na tazama kama ardhi imeanza tena kurundikana ukutani.